Bustani Juu ya Murekatete

Nilipeleka habari ya ule ufa mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kwa miguu, na mabuti yangu ya zizini, nikawaambia pale ofisini kwamba kilima cha Kabingo kimepasuka kule juu, ufa wa kuingia mkono mzima, na ng'ombe wangu wamekataa kuuvuka. Ng'ombe akikataa njia aliyoizoea, mtu mwenye akili anasimama. Wao waliniambia nilete barua. Mara ya pili nilileta barua, nimeandikiwa na katekista. Wakasema haina muhuri. Mara ya tatu mwenye muhuri alikuwa Goma kwenye semina. Semina ya nini? Ya kujikinga na maafa. Sikulitunga hilo, lilikuwa limebandikwa mlangoni.

Siku tano baadaye, saa tatu asubuhi, mvua imeshakatika na jua limetoka, Kabingo ilishuka. Watu kumi na mmoja walikuwa chini yake wakipalilia maharagi. Mke wangu Murekatete alikuwa wa saba kutolewa. Nilimjua kwa kikwembe alichojifunga.

Tuliwazika palepale, chini ya kilima, kwa mstari mmoja, kwa sababu njia ya kwenda kwenye makaburi ya parokia ilikuwa imefunikwa na tope lilelile. Misalaba ya mbao kwetu haikai. Mvua inaiozesha, na watu wanaichukua kuwashia moto. Sisi wafugaji tunapanda muhati kichwani pa marehemu. Ni mmea wa majani marefu kama panga, ule tunaoweka pia kwenye mipaka ya mashamba. Ng'ombe hawauli, kwa hiyo hata mifugo ikipita, kaburi linabaki na alama yake. Kila mtu alikata tawi kwake. Mimi nilikwenda mpaka Kingi, siku mbili kwa miguu, nikakata tawi kwenye ua wa baba mkwe wangu, kwenye muhati uleule ambao Murekatete alichezea chini yake akiwa mtoto. Nililichomeka, nikalifunga kwenye fimbo na waya wa mshikio wa bidoni ya maziwa ili upepo usiliangushe. Halafu nilimwambia, na watu walinisikia: upande wako wa kushoto ni wangu, usimwachie mtu.

Kulia kwake alilala Gentil, mtoto wa jirani yangu Mama Mukandori. Mukandori ni mwanamke wa maneno. Siku ile hakuwa nayo. Yalimrudia baada ya mwaka, na yaliporudi yalikuwa makali zaidi.

Miaka miwili ikapita. Likaja shirika moja, wakubwa wetu wakalishika mkono, wakasema watakitibu kilima na kukifanya bustani ya kumbukumbu. Walimleta mwanamke aitwaye Adrienne. Alituambia kazi yake kwa Kifaransa, jina refu, akalirudia mara tatu, na sisi tukaitikia kama tumeelewa.

"Mama," Mukandori akamwuliza, "hiyo kazi ni ya kufanya nini, kweli?"

"Ninachora namna nchi itakaa. Maji yapite wapi, miti isimame wapi, muntu atembee wapi."

"Kumbe ni kazi ya Mungu. Na yeye pia shirika banamulipa?"

Watu wakacheka. Adrienne naye alicheka, na tangu siku ile tulimwita Mama Bustani.

Lazima niseme ukweli: alijua kazi. Wiki tatu nzima hakuchora hata mstari mmoja. Alivaa mabuti, akapanda na kushuka Kabingo, akinyeshewa kama sisi. Alinitafuta mimi kwa sababu ng'ombe wangu walikuwa wamekata vijia pembeni mwa kilima chote.

"Papa Manassé, nani alipima hivi vijia? Vimelala sawasawa kabisa."

"Ni ng'ombe, Mama. Akishiba hapendi kupanda wala kushuka. Anazunguka."

Akapiga magoti, akaweka kifaa chake chenye maji ndani kwenye kijia, akatikisa kichwa. Mifereji yake ya juu aliichora kufuata njia za ng'ombe wangu. Mimi, niliyeacha shule nikiwa mwaka wa tatu, nilitembea siku zile kifua mbele.

Plani yake ya kwanza alituonyesha kanisani, karatasi kubwa kama shuka. Kule juu, mifereji miwili ya kukamata maji kabla hayajaingia kwenye ufa. Katikati, ngazi za udongo na mabingobingo pembeni ili mizizi ishike. Miti ya kwetu, inayojua baridi yetu, itaoteshwa kwenye pepinieri, kitalu cha miche, hapahapa Ngungu. Chini, penye makaburi, hapakuwa na kitu. Aliacha peupe.

"Hapa sigusi," alisema. "Ni majani tu, na ile mihati yenu. Njia ya wageni inaishia hapa, hatua ishirini mbele ya makaburi. Magari yanabaki ku barabara, mutu anaingia na miguu."

Kabla ya kuondoka alisimama nami pale kwenye mstari, akahesabu mihati, kumi na moja. Kila mmoja aliupiga picha na simu yake, simu ikaandika namba za mahali ulipo.

"Hii haikufagi, Papa?"

"Haikufi. Ukate, uitupe ku njia, wiki mbili inaota. Uing'oe na mizizi, uipande kwingine, haitajua hata kama ilihama."

Aliandika. Nilifurahi kuona maneno yangu yanaingia kwenye kitabu. Katekista alisoma baadaye ripoti iliyotoka kwenye kitabu kile, akasema sentensi yangu iko ndani neno kwa neno. Ndiyo waliyoitumia.

Kazi ya juu ilikwenda vizuri. Watu mia mbili na majembe, kila kijiji na zamu yake, tukachimba ile mifereji miezi miwili. Mvua ya Oktoba ilipokuja maji yalifuata mfereji kama mbuzi waliofungwa kamba, yakamwagikia mtoni upande wa pili, na ufa haukunywa hata tone. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikaa chini. Niliona kwamba kilima kilitaka mifereji miwili na majembe, basi. Kitu ambacho tungekifanya sisi wenyewe, kama mmoja wa wale wakubwa angepanda siku moja kuangalia ufa.

Wakati tunachimba, karatasi nyingine ilikuwa inachorwa.

Nilikuja kujua kwamba mkubwa mmoja alipoona plani alikuwa na swali moja tu: nikija kufungua, gari langu litasimama wapi? Barabara iko mbali, kuna matope, na atakuwa na wageni. Adrienne alikataa kuibadilisha. Mkataba wake ukaisha mwezi ule, hawakuuongeza. Karatasi ikabaki mikononi mwa Bwana Élysée, prezida wa komite ya bustani, mtu wa hapahapa, anayevaa koti hata jua likiwaka na anayesema "sisi viongozi" akiwa peke yake.

Élysée alituita kupitisha plani ya pili. Kila mtu alipewa Fanta na keki. Karatasi ilikuwa ya rangi safari hii, nzuri kuliko ya Adrienne, imebandikwa ukutani, na palikuwa na watu wengi mbele yake. Nilijipenyeza. Niliona mraba wa kijivu na nguzo ya bendera. Niliona njia ndefu, na pembeni mwake vitone vya kijani vimepangwa kwa mstari, na chini yake neno moja nililoweza kusoma: mihati.

"Bwana Élysée, hii njo ile mihati yetu?"

"Papa Manassé, si unajua kusoma? Soma."

"Mihati."

"Basi. Iko yote. Hakuna hata moja imepotea."

Mukandori aliniuliza kwa sikio, yeye hajui herufi: "Umeiona? Watu wetu wamo?"

"Wamo," nikamwambia. "Wameandikwa."

Akaweka kidole chake gumba. Mimi niliandika jina langu lote, herufi saba. Walikuwa wamezoea kuninyima haki kwa sababu sina barua wala muhuri, na siku ile, mara ya kwanza, karatasi ilikuwa na neno langu ndani yake. Sikuuliza ule mraba wa kijivu ni nini. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini Élysée alijua nilichokuwa natafuta kwenye ile karatasi, na alinijibu akijua.

Ikafika zamu ya kupanda. Pepinieri ya Ngungu ilikuwa imesahauliwa. Hakuna aliyenunua mbegu, na yule aliyetakiwa kumwagilia hakuajiriwa. Kazi ya kuleta miti ilipewa Papa Kataliko, mfanyabiashara wa Butembo mwenye Fuso mbili, anayepakia mafuta ya mawese kule Kashebere, upande wa Walikale, na kuyauza huku juu. Simlaumu sana Kataliko. Yeye ni mtu wa gari. Walimwambia leta miti, akaleta miti iliyokuwa karibu na mizigo yake: miche mia mbili ya michikichi.

Michikichi! Huku kwetu, mahali maziwa yanalala nje bila kuchacha! Ilisimama wiki mbili. Halafu ikawa ya manjano, halafu ya kahawia, halafu ikalala. Mukandori alipita katikati yake na jembe begani.

"Papa Kataliko, hawa ni wagonjwa ao ni wakimbizi?"

"Mama, mimi ni shofele tu wa miti. Docta wa miti ni komite."

Siku ya kufungua ilikuwa imeshatangazwa, wiki tatu mbele. Élysée alikuja nyumbani kwangu mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya hata nilipofiwa. Alikunywa maziwa yangu, akayasifu.

"Papa, wewe njo unajuaka miti. Panda Fuso ya Kataliko, uende Kashebere, uchague mwenyewe. Yenye itavumilia baridi."

"Kashebere ni joto, Bwana Élysée. Miti ya kule yote itakufa."

"Itafutwe yenye haitakufa. Sisi viongozi tunakutumainia."

Nikaenda. Mtu akiambiwa anatumainiwa, na amezoea kufukuzwa mlangoni, anaenda. Mimi na shofele, dereva wa Kataliko, tulikwenda siku nne. Bariera zilikuwa saba, na kwenye kila moja watu wenye bunduki walipanda nyuma ya gari kutafuta kitu cha kuchukua, wakakuta magunia matupu na mimi. Siku moja nzima tulilala kwenye tope na magurudumu hewani. Kashebere nilifika nimevimba miguu.

Mwenye pepinieri pale ni mwanamke mnene anaitwa Mamie. Nilipomweleza ninachotaka alicheka mpaka akashika nguzo.

"Papa, miti yangu inatakaka jasho. Kule kwenu utaifunika na blanketi?"

"Walinituma."

"Nani? Ule wa koti? Shofele wenu amenieleza, ule alimupigia simu tangu juzi. Anasema miti haitakiwe tena, amepata mimea ya bure palepale kwenu." Aliniangalia, akaacha kucheka. "Hawakukuambia?"

Shofele aliangalia chini. Alijua tangu bariera ya nne, alikuwa amenyamaza ili asirudi bila mzigo wake wa mafuta. Hata pale sikuelewa. Nilifikiri labda katekista ameotesha kitu, labda wameipata ile mbegu. Mamie alinipa ndizi za njiani. Nilipopanda gari alisema, "Papa, ufike mbio." Sijui aliona nini usoni mwangu. Tulingoja siku moja mapipa ya Kataliko yajae, halafu siku nne za kurudi.

Siku tisa kwa jumla.

Niliiona njia kwanza. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Imenyooka kutoka barabara mpaka chini ya Kabingo, imemwagiwa changarawe nyeusi ya volkano, na pande zote mbili mihati, mmoja kila hatua mbili, majani yamekatwa sawa kama nywele za mwanajeshi. Walikuwa wamepita kwenye mipaka yote ya mashamba wakaing'oa. Watu waligombana mipaka mwaka mzima baada ya hapo. Mihati ya mipaka haikutosha. Zilibaki nafasi kumi na moja.

Pale chini palikuwa mraba wa kijivu. Mashine ya barabara ilikuja siku mbili, ikasawazisha, ikaondoa udongo upande wa juu na kuujaza upande wa chini, halafu wakapanga mawe na kuyashindilia. Hakuna mwinuko, hakuna bonde, hakuna alama. Mama Mukandori alikuwa amekaa katikati, miguu imenyooshwa mbele, kama mtu anayeota jua.

"Nilipiga makelele," alisema. "Nilishika ile mashine. Polisi wawili walinibeba kama kiti. Élysée ananiambia, Mama, unalia nini, mihati yako iko kule ku njia, imepata heshima. Nikamuuliza, na mutoto yangu? Anasema, hakuna muntu amemugusa, yeye iko chini." Aligonga mawe kwa kiganja. "Manassé, nilipima na miguu. Nilisema Gentil yuko hatua kumi na nne kutoka jiwe lile kubwa. Na jiwe wamelivunja, njo hii changarawe."

Nilikimbia kwenye njia. Niliangalia muhati mmoja mmoja, nimeinama, watu wakidhani nimedondosha kitu. Wa Murekatete niliupata upande wa kulia, karibu na mwanzo. Ule waya wa bidoni ulikuwa umeshamezwa na ganda, inaonekana ncha tu, na kutu. Muhati wenyewe ulikuwa umeshashika mizizi. Katikati kulikuwa na jani jipya, la kijani laini. Nilisimama mbele yake nikaona uchungu ambao sikuuona hata siku ya tope. Siku ya tope nilikuwa namtafuta mtu, na nilijua yuko mahali fulani chini ya jembe langu. Sasa nilikuwa nimeshika alama yake mkononi, na yeye hakuwa chini yake.

Élysée alikuja na koti lake.

"Papa, usiing'oe. Imeshahesabiwa. Ni mali ya watu wote."

"Bibi yangu Murekatete iko wapi?"

"Papa Manassé, wewe ulisaini."

"Nimekuuliza bibi yangu iko wapi."

"Wewe njo ulisema haijue hata kama ilihama. Iko ndani ya ripoti."

Ningempiga. Nilikuwa na fimbo. Lakini nyuma yake walisimama wale polisi wawili waliombeba Mukandori, na mimi nina miaka sitini na mitatu.

Nilimtumia Adrienne ujumbe kwa simu ya katekista. Alikuja siku moja kabla ya sherehe, hakuna aliyemwita. Alisimama kando ya mraba wa kijivu muda mrefu, mikono kichwani. Hakuniomba msamaha kwa maneno mengi, namshukuru kwa hilo. Alitoa simu yake, akatafuta zile picha kumi na moja.

"Papa, kila kaburi lina namba. Namba inaonyesha mahali."

Tulitembea juu ya mawe, yeye mbele na simu, mimi nyuma na Mukandori nyuma yangu. Alisimama.

"Hapa. Mama Murekatete."

Nikavua kofia.

Akageuza simu, akasogea, akarudi. Uso wake ukabadilika. "Ngoja." Alisogea tena. "Papa, nikuambie ukweli. Hii simu inakosea kidogo. Inaweza kukosea mita tano, huku ao huku. Kwa miti haina shida. Kwa kujua kaburi ni lipi..."

"Mita tano ni kiasi gani?" Mukandori akauliza.

Adrienne alipima na hatua zake, akachora duara kwa kisigino juu ya vumbi la mawe. Duara lilikuwa kubwa. Tulikuwa tumewazika wamebanana, kwa sababu mahali palipofaa kuchimbwa palikuwa padogo. Karibu wote kumi na mmoja walikuwa wanaingia ndani yake.

"Basi," Mukandori alisema, "wako pamoja, hatujui tu nani ni nani. Kama foleni ya kura."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakucheka.

Siku ya kufungua walinipa maikrofoni. Ilikuwa kwenye programu: neno la mwakilishi wa waliofiwa. Élysée aliniandikia karatasi ya kusoma, kubwa, herufi za kuchapa, ili nisikwame. Mkubwa alifika na gari jeupe refu, likapita kwenye njia ya mihati polepole, vigelegele, bendera, likasimama kwenye mraba wa kijivu, katikati ya duara. Alisema kilima hiki ni mfano kwa territoire nzima. Alisema maji yameshindwa. Hilo ni kweli, yameshindwa. Halafu akanipa mkono, laini, nikashika maikrofoni. Karatasi nilikuwa nimeiacha nyumbani.

"Mukubwa," nikasema, "gari lako limesimama juu ya bibi yangu. Naomba ulisogeze."

Mkubwa alimtazama Élysée, Élysée akatazama nguzo ya bendera. Mkubwa akacheka kidogo, kama mtu anayepewa mzaha asioujua, akamwonyesha shofele wake kwa kidole: sogeza. Shofele akawasha, akasogea mbele mita tatu.

Mukandori akasimama kati ya watu. Hakuhitaji maikrofoni.

"Sasa iko juu ya wangu!"

Shofele akarudi nyuma. Mama mwingine, aliyezika mume wake pale, akapaza sauti. Shofele akakata usukani kushoto. Akasimama mzee mmoja ambaye alizika mabinti wawili siku ile, akainua tu mkono. Gari likasimama katikati, injini inanguruma, shofele ametoa kichwa dirishani, jasho linamtoka katika baridi ile.

"Niende wapi?" aliuliza. "Banisemee, niende wapi?"

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo nililotaka wasikie, sikuwa na kingine. Mkubwa alisema ratiba imebana. Walikata utepe, wakapiga picha na Kabingo nyuma yao, ya kijani, imetulia, ngazi zake zimepangwa vizuri. Nyama ililiwa. Kwenye picha ukiangalia vizuri mimi niko pembeni, na kofia mkononi.

Sasa ni mwaka na nusu. Bustani imefaulu. Watu wanatoka mpaka Goma kupiga picha za harusi, na magari yao yanasimama pale kwenye mawe. Kilima hakijashuka tena na sidhani kama kitashuka.

Muhati wa Murekatete niliuacha pale njiani. Ukiung'oa mara ya pili labda utakufa, na ndio pekee unaotoka Kingi. Kule ua wa baba mkwe ulichomwa mwaka jana, na waliouchoma nao wana wakubwa wao. Lakini kila mwezi nakata tawi dogo kutoka kwake, nakwenda kwenye mraba wa kijivu na nondo ya kuchokolea, nang'oa jiwe moja, nalichomeka lile tawi. Gurudumu la kwanza likipita linalivunja. Tawi la tatu lilidumu siku kumi na mbili, likatoa jani. Mwezi wa tano Élysée alisimamisha kibao pale, katika bustani, kwa rangi nyekundu: Ni marufuku kupanda kitu hapa. Nimekisoma mwenyewe.

Mimi nimeshawaambia wanangu kwamba nikifa wasigombane na mtu juu ya mahali. Upande wake wa kushoto sijui tena ni wapi. Kwa sasa nguvu bado ninazo, na ile nondo. Mwezi huu nilichomeka karibu na nguzo ya bendera, mwezi ujao nitasogea hatua moja kuelekea kilimani. Duara la Adrienne nimelikariri, sihitaji simu. Nikilimaliza lote, siku moja kati ya hizo nitakuwa nimechomeka tawi kichwani pake, na sitajua ni siku gani.